Kiondo cha Rangi Nne

Usinicheke kabla sijamaliza. Mwaka ule nchi yetu ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, nusura tumkabidhi D.O., yule mkuu wa tarafa, bendera ya Kenya ikiwa kichwa chini, na kosa lilikuwa langu peke yangu. Wenzangu wote tulioshirikiana nao hawakuwa wamesoma hata darasa moja. Msomi nilikuwa mimi.

Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu, huku upande wa Mbumbuni. Mume wangu alikuwa na kazi Mombasa na alikuja nyumbani Krismasi na Pasaka, kwa hiyo ukweli ni kwamba niliolewa na mama yake. Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto bila kusimama. Alikuwa mwenyekiti wa mwethya, kile kikundi chetu cha wanawake cha kulimiana mashamba na kuchimbiana mitaro kwa zamu. Tena alikuwa msukaji wa viondo, vikapu vyetu vya katani, ambaye hata wanawake wa Tawa walimjua. Alisuka akitembea. Alipanda kilima na mtungi wa maji mgongoni, mkanda umemshika paji la uso, na vidole vyake vinakimbia kwenye kiondo bila yeye kuvitazama, huku akinigombeza kwamba ninatembea kama mgonjwa.

Mimi nilikuja pale na Form Two yangu. Baba alinitoa shule akisema hayo yanamtosha msichana, na sijui kama nimewahi kumsamehe sawasawa. Nilikuwa nimeshajiona mbele ya darasa, chaki mkononi. Badala yake nikajikuta na jembe, na kiondo ambacho kila nikisuka kinaegemea upande mmoja. Mama mkwe alikishika kile cha kwanza, akakigeuza, akaniuliza, "Hii ni kiondo ama ni kofia ya mlevi?" Wanawake wakacheka hadi wakakaa chini.

Lakini nilikuwa na mpango wangu. Nilitaka kufungua darasa la ngumbaru, la watu wazima wasiojua kusoma, hapo kanisani siku ya Jumatano mchana. Mchungaji alikubali. Benchi zilikuwepo, ubao ulikuwepo. Nikazunguka nyumba kwa nyumba wiki mbili, nikinywa uji wa watu na kuwaeleza faida za kusoma. Jumatano ilipofika nilikaa kanisani peke yangu na kuku mmoja aliyeingia kukimbia jua.

Hakuja mtu kwa sababu mama mkwe alikuwa amesema neno moja tu kisimani. "Mimi nimezaa tisa, nimezika wawili, nimechimba mitaro ya hii kilima yote bila kujua A. Sasa nikijua A, mvua itaharakisha?" Basi. Akishasema yeye, wengine hawana la kuongeza. Niliumia. Nilijifungia chumbani nikalia kwa hasira, kwa maana bila lile darasa, masomo yangu yalikuwa yameishia pale kwenye sufuria ya muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa.

Halafu chifu akaita baraza. D.O. angekuja kusherehekea nasi Jamhuri pale kambini kwa chifu, na kila kikundi kilitakiwa kuandaa zawadi. Tukasikia kikundi hiki kinaleta asali, kile kinaleta mbuzi. Siku iliyofuata, tukiwa shambani kwa jirani mmoja tunapalilia mbaazi, mama mkwe akasimama katikati ya mistari, akajifuta jasho.

"Mbuzi ataliwa aishe," akasema. "Asali itaisha. Sisi tutasuka bendera. Kiondo ya bendera, kubwa, na ngao yake na mikuki yake."

Wee! Majembe yalitupwa. Vigelegele vilipigwa hadi mbwa wa jirani wakaanza kubweka. Mimi mwenyewe, pamoja na uchungu wangu wote, nilihisi mwili unasisimka. Kiondo cha bendera! Hakuna aliyewahi kuwaza jambo kama hilo katika lokesheni nzima.

Ndipo ubishi ukaanza. Bendera ilikuwa pale kwa chifu kila siku ya Mungu, na wanawake hawa walipita chini yake wakienda sokoni kwa miaka kumi, lakini hakuna aliyejua ilivyo. Mmoja akasema ina mistari minne. Mwingine akasema mitatu. Jirani yetu mwenye lile shamba, mwanamke mfupi mwenye mdomo usiopumzika, akaapa kwamba ngao ni ya kijani. Na siwalaumu sana. Ile bendera siku nyingi ilikuwa imelala kwenye mlingoti kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba, na jua lilikuwa limeila hadi nyekundu ikawa rangi ya uji wa wimbi.

Nikaangua kicheko. Mdomo wangu haujui kungoja. "Miaka kumi mnapita hapo! Kuna vipimo vyake vimeandikwa. Mimi nitawasomea."

Mama mkwe akanigeukia polepole. "Utatusomea."

"Ndiyo, mwaitu," nikamwambia. Ndivyo nilivyomwita, mama yangu, kwa heshima ya kwetu. "Na nikiwasomea bendera ikatoka sawa, mje darasani kwangu. Wote. Na wewe ukae mbele."

Wanawake wakashika vinywa. Mke wa mwana kumwekea mama mkwe masharti mbele ya watu! Lakini yeye aliinama akaokota jembe lake. "Ikitoka sawa kwa kusoma kwako, nitakaa mbele," akasema. "Isipotoka sawa, sitaki kusikia habari ya A katika boma yangu tena."

Siku ya pili nilikuwa njiani kwenda Tawa kabla umande haujakauka. Huko kulikuwa na mwalimu mkuu ambaye alinifundisha zamani, na nilijua shule yake ilikuwa imeletewa bendera mpya. Alinisikiliza, akafungua kabati, akaitandaza juu ya meza. Sikuwahi kuwa karibu nayo namna ile. Nyeusi ilikuwa nyeusi kabisa. Nyekundu ilikuwa inaita. Kijani kilikuwa kijani cha majani ya kunde mvua ikishanyesha wiki mbili. Niliishika pembeni kwa vidole viwili, nikaogopa kuichafua.

Mwalimu alichukua rula. Mistari mitatu mikubwa, akanionyesha, inalingana upana: juu nyeusi, ambayo ni watu, katikati nyekundu, ambayo ni damu iliyomwagika, chini kijani, ambayo ni ardhi. Kati yao mistari miwili myembamba myeupe, ambayo ni amani. Kama kila mkubwa una sehemu sita, kila mweupe una sehemu moja. Nikaandika kwenye karatasi: sita, moja, sita, moja, sita. Halafu ngao na mikuki miwili iliyopishana, nikaichora yote. Niliikunja karatasi nikaitia kifuani, na mvua ikaninyeshea kutoka Tawa hadi nyumbani, na njia nzima nilikuwa naimba.

Mchana ule tulikusanyika kando ya ghala ya mama mkwe. Nilisimama. Naomba unielewe, nilikuwa sijasimama mbele ya watu na karatasi tangu nitoke shule. Koo lenyewe lilitengeneza sauti ya mwalimu.

"Nyeusi," nikasoma, "mizunguko kumi na minane. Nyeupe, mizunguko mitatu. Nyekundu, kumi na minane. Nyeupe, mitatu. Kijani, kumi na minane."

"Ngao iko na rangi gani?" jirani akauliza.

"Nyekundu, na nyeusi na nyeupe katikati na pembeni." Nikawaonyesha mchoro.

Akautazama sana, kisha akaruka. "Hii ni ngao ya Wamasai! Si hawa ndio walikuja kuchukua ng'ombe ya babu yangu? Upinde yetu iko wapi? Mshale iko wapi?"

Ikabidi tungoje kicheko kipite. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa ameshika kitako cha kiondo kikubwa alichokuwa amekianza jana yake kwa katani nyeupe, akikizungusha mapajani.

"Nyeusi ndiyo ya kwanza?" akaniuliza.

"Ndiyo, mwaitu."

Akazungusha tena. "Una hakika ni nyeusi inaanza?"

Nikamkata kalima. "Mwaitu, imeandikwa. Nyeusi ndiyo ya kwanza." Na nikampigia karatasi kwa kidole, pap, pap, kama vile anayeuliza ni mtoto wa darasa la kwanza.

Hakuuliza tena. Akachukua uzi mweusi, akaanza.

Wiki tatu zile zilikuwa na raha ambayo nikiikumbuka hadi leo moyo unanichezacheza. Nyuzi zilisokotwa kwenye mapaja hadi mapaja yakawasha. Nyeusi tuliipata kwa kuchemsha magome na kuzika katani kwenye tope jeusi la mto. Nyekundu ilitoka kwenye mizizi ambayo mama mkwe alichimba mwenyewe na hakutaka mtu ajue wapi. Kijani kilitushinda, kila majani tuliyochemsha yalitoa rangi ya maji ya mboga, mwishowe tukanunua unga wa rangi dukani. Mama mkwe alisuka karibu yote peke yake, na mimi nikakaa karibu na karatasi yangu, nikiweka alama kila mzunguko ukifungwa. Kiondo kilipanda. Kikapanuka tumbo na mdomo. Watu wa soko walikuja kukitazama. Kichwa kikanivimba, na nikaanza kupanga nani atakaa benchi gani.

Siku sita kabla ya Jamhuri rangi zote zilikuwa zimekamilika, ikabaki ngao, ambayo mama mkwe angeishona juu kwa sindano. Alitaka aione ngao kwa macho yake kwanza, asitegemee mchoro wangu. Basi tukaenda kwa chifu, wanawake saba, kiondo kimefunikwa na leso.

Mvua ilikuwa imeacha muda mfupi tu na upepo ulikuwa na nguvu. Kwa mara ya kwanza nikaona bendera ile kuukuu imekunjuka yote, inapigapiga. Jirani akafunua kiondo, akakinyanyua juu kwa mikono yote miwili kuvilinganisha. Tukatazama juu. Tukatazama kiondo. Tukatazama juu tena.

"Mbona yetu imesimama na kichwa?" akauliza.

Kijani chetu kilikuwa mdomoni, juu kabisa. Nyeusi ilikuwa chini kwenye kitako.

Kiondo husukwa kuanzia kitako kwenda mdomoni. Kila mwanamke pale alilijua hilo tangu akiwa na miaka saba, na mimi pia, hata na viondo vyangu vya walevi. Lakini kitabu husomwa kuanzia juu kwenda chini, na mimi siku ile nilikuwa nasoma. Nilisoma la juu kwanza, nao wakalisuka la chini kwanza, kwa kuwa niliwaambia imeandikwa.

Askari wa chifu akatoka ofisini kuona tunashangaa nini. Ungeona leso zilivyoruka! Siku zile hatukuwa na mchezo na bendera. Kuigeuza kungeweza kuitwa matusi kwa serikali, na mtu akalala ndani. Jirani alikikalia kiondo. Naam, alikikalia, akatandaza sketi, akamwambia askari kwamba ana kizunguzungu. Askari akaenda kumletea maji, mtu wa watu, na kabla hajarudi tulikuwa tumeshavuka barabara, mwanamke mwenye kizunguzungu akiwa mbele yetu sote.

Tulipofika nyuma ya kanisa tulikaa kwenye nyasi. Wengine walikuwa wanacheka bado kwa woga. Jirani akasema tuushone mdomo na tutoboe kitako, tukigeuze na mambo yaishe. Mwingine akasema tukipeleke hivyo hivyo, D.O. ni kijana, hatajua.

Mama mkwe alikuwa ananitazama mimi. "Nilikuuliza mara mbili," akasema, bila kupandisha sauti.

Nilikuwa na maneno mengi mdomoni. Nilitaka kusema, nyinyi ndio wasukaji, mlikuwa wapi? Nilitaka kusema mwalimu wa Tawa hakunieleza. Yalifika kwenye meno kabisa. Kisha nikatazama zile nyuso, nikaona ya kwamba wanawake hawa walikuwa wameniamini kuliko walivyoyaamini macho yao wenyewe, kwa sababu tu ya karatasi. Aibu ikanishika.

"Ni mimi," nikasema. "Nilisoma kutoka juu. Uliponiuliza sikukusikiliza. Ni makosa yangu, na darasa sitalitaja tena."

Akaninyooshea kiondo. "Fumua."

Hakuna aliyenisaidia, na nisingekubali wanisaidie. Nilifumua mbele yao wote, kijani, nyeupe, nyekundu, nyeupe, nyeusi, wiki tatu za vidole vya mtu mwingine, nikizungusha kila uzi kwenye kijiti chake. Nyuzi zilitoka zimejikunjakunja. Nilipomaliza, palipokuwa na bendera palibaki kitako cheupe na nyuzi za kusimama zimetawanyika kote.

Nilidhani ndiyo basi, tutapeleka mbuzi. Siku sita, mtu mmoja, wakati wa palizi! Lakini mama mkwe alikuwa ameshasimama, na uso wake ulikuwa umechangamka kuliko nilivyowahi kuuona.

"Mtu mmoja hawezi," akasema. "Mwethya itaweza. Hii kiondo haitawekwa chini tena jua likiwa juu."

Na hakikuwekwa! Asubuhi alianza yeye akienda mtoni. Mtoni akampokeza jirani, naye akasuka akipanda kilima. Shambani mmoja alikaa kwenye ukingo wa mtaro anasuka huku sisi tukimpalilia mistari yake, tukifika mwisho anapokea mwingine. Na mimi nikawa miguu ya kiondo. Nilikikimbiza kutoka shamba hadi shamba, nikiruka mitaro, matope hadi magotini, nikipiga kelele kutoka mbali, "Kijani imebaki minne!" na kutoka ng'ambo wananijibu kwa vigelegele. Wazee waliokuwa wakipita njiani walisimama kuuliza kama kuna harusi. Nilikuwa nimepoteza darasa langu, na bado sijawahi kufurahi vile. Sielewi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili kilipumzika. Kulikuwa na ubishi, kwa maana siku zilikuwa zinatukimbia, lakini mama mkwe alisema hatasuka siku ya Bwana hata kwa ajili ya Rais mwenyewe. Tukaimba kanisani na kila mtu anahesabu mizunguko kichwani, mimi najua, kwa maana jirani alinigeukia katikati ya maombi akaninong'oneza, "Nyekundu imefika tisa ama kumi?"

Nyeupe ya pili ilipofika, mama mkwe aliniwekea kiondo mikononi. "Mizunguko tatu," akasema. "Ukiharibu nitakufumua wewe." Nilisuka mizunguko ile mitatu ulimi ukiwa nje. Ilitoka imenyooka. Sio sana, lakini imenyooka.

Kisha shida nyingine ikatukuta. Mara ya kwanza nyeusi ilikuwa kitakoni, ambako kiondo ni chembamba. Sasa ilikuwa mdomoni, ambako ni kipana, na uzi mweusi ukatuishia mizunguko mitano kabla ya mwisho. Ilikuwa Jumatatu jioni, jua linaenda. Kupika magome na kuzika katani kwenye tope kunataka siku nyingi, na tulikuwa na moja.

Wanawake wakatazamana. Mimi nilikuwa na sweta. Jeusi, la sufu safi, mume wangu aliniletea kutoka Mombasa tulipooana. Nililivaa kanisani tu, na nilikuwa nimeliweka kando nilivae siku ya kwanza ya darasa, nionekane mwalimu. Nikaingia ndani nikalitoa, nikatafuta mwisho wa uzi kwenye mkono wa kushoto, nikauvuta. Mama mkwe alisimama mlangoni akiniangalia. Alikaa chini mbele yangu, akanyoosha mikono, nikawa nauzungusha uzi kwenye viganja vyake.

Jumanne saa sita mizunguko yote ilikuwa imefungwa. Mchana kutwa mama mkwe akashona ngao, na mikuki imeelekea juu. Aliniita niangalie kila mshono. Safari hii niliangalia kabla ya kusema.

Siku yenyewe watu walijaa hadi kwenye mapaa ya maduka. Asali ikapita, mbuzi wakapita wakilia. Sisi tulitoka mwisho, tunacheza, kiondo kiko juu ya mikono ya mama mkwe. D.O. alikuwa kijana kweli, lakini mjinga hakuwa. Alikipokea, akakigeuza, akahesabu kwa kidole. Akatazama bendera juu ya mlingoti, mpya siku hiyo, akarudi kwenye kiondo.

"Hii imepimwa," akasema. "Mistari inalingana kabisa. Nani aliwapimia?"

"Ni huyu, bibi ya kijana wangu," mama mkwe akasema, akinivuta mkono. "Yeye ndiye alisoma. Mara ya kwanza alisoma vibaya, ikatoka kichwa chini. Tukafumua."

Chifu aliziba uso. Mimi nilitamani nchi ipasuke. D.O. akacheka hadi kofia ikamdondoka, na uwanja mzima ukacheka pamoja naye, na ngoma ikaanza upya kabla chifu hajapata la kusema. D.O. alipokea mkono wangu kama wa mtu mkubwa. Tuliimba njia nzima kurudi nyumbani. Jirani alicheza hadi kiatu kikakatika.

Kanisani nilikuwa nimeacha chaki na daftari langu, na Jumatano iliyofuata nilikwenda kuvichukua. Sikwenda kufundisha, nilikuwa nimeahidi. Nilisukuma mlango nikakuta benchi zimejaa. Jirani alikuwepo, na wenzake wote wa siku ile ya upepo, na wengine ambao sikuwahi kuwaalika. Mama mkwe alikuwa amekaa mbele, mikono mitupu, amejifunga kitambaa cha Jumapili.

"Mwaitu," nikasema, "tulikubaliana. Haikutoka sawa kwa kusoma kwangu."

"Haikutoka," akasema. "Ningejua wewe ni mtu wa kutokosea, singekuja. Ningekaa hapa nikiogopa. Lakini nilikuona ukifumua. Hukulia, na hukutaja jina ya mtu mwingine." Alisimama akaja hadi ubaoni, akachukua chaki kutoka mkononi mwangu, akaishika kama sindano. "Sasa niambie. A inaanzia juu ama chini?"

Nilifungua mdomo kumjibu haraka, kama kawaida yangu. Nikaufunga.

"Wewe unaona inaanzia wapi?" nikamuuliza.

Akaitazama ile A niliyokuwa nimeiacha pale ubaoni tangu siku ya kuku, akaitazama kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande. Kisha akaweka chaki chini kabisa, akapandisha mstari, akashusha mwingine, akafunga katikati. Ilikuwa A safi kabisa.